Visigino vya Arimori na Vyangu

Watu wakiniuliza ni mwanariadha gani aliyenivusha katika miaka ile niliyokuwa nikishuka kitandani kwa kushikilia ukuta, hutarajia nimtaje Tegla Loroupe au Catherine Ndereba. Nawaheshimu wote wawili, na sijui msichana wa mbio wa rika langu asiyewaheshimu. Lakini aliyenivusha ni Mjapani, Yuko Arimori, mwenyeji wa Okayama, aliyezaliwa Desemba 1966. Hakuwahi kutwaa dhahabu ya Olimpiki wala kushika rekodi ya dunia, na mimi sijawahi kumwona kwa macho. Natoa ushuhuda huu kwa sababu wasichana wa kwetu bado wanapanda ndege kwenda Japani kukimbia, na wengi wao hawajawahi kusikia jina lake.

Kwetu ni Nyahururu, na huku Japani si nchi ya kusimuliwa tu. Samuel Wanjiru alitoka hapa mwaka 2002 akiwa kijana wa shule, akasoma sekondari mjini Sendai, kisha akaingia timu ya Toyota Kyushu chini ya kocha Koichi Morishita, yule aliyepata medali ya fedha katika marathoni ya wanaume ya Olimpiki ya Barcelona 1992. Mwaka 2008 Wanjiru akashinda dhahabu mjini Beijing kwa saa 2:06:32. Baada ya hapo kila mzazi mwenye mtoto anayekimbia alilijua neno Japani. Kwa hiyo wakala alipokuja na mkataba wa timu ya kampuni moja, nyumbani hatukujadiliana sana. Nyanya yangu alinipaka mate usoni kunibariki, nikaenda.

Asiyejua mambo ya huko lazima aelezwe kwanza, maana bila hilo hataelewa kilichonipata. Wakimbiaji wengi wa Japani ni waajiriwa wa makampuni. Unaamka kabla ya jua kwa mazoezi ya asubuhi, unafanya kazi ofisini saa chache, mchana unarudi barabarani. Kampuni hutaka hasa ufanye vizuri katika ekiden, mbio za barabarani za kupokezana ambamo mkimbiaji humkabidhi mwenzake mshipi wa kitambaa unaovaliwa begani. Mashindano makuu ya wanawake wa makampuni hufanyika Miyagi kila Novemba, wakimbiaji sita wakigawana umbali wa marathoni. Sheria inamruhusu mgeni kukimbia kipande kimoja tu, nacho ni kifupi. Mjapani mwenye maumivu anaweza kuhamishwa kipande, au akasubiri mwaka ujao. Mgeni hana pa kuhamishiwa. Kipande chako kikikushinda, hakuna sababu nyingine ya wewe kuwa pale.

Mimi kilichonishinda ni visigino. Chini ya unyayo kuna utando mnene unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi karibu na vidole, na kazi yake ni kushikilia upinde wa mguu. Ukiuchosha kwa lami siku baada ya siku, unaumia pale unapoanzia. Usiku ukilala unajikunja, asubuhi ukikanyaga sakafu unavutwa kwa ghafla, na maumivu yake ni kama ya kukanyaga msumari. Baya zaidi ni kwamba ukishatembeatembea yanalegea. Kufikia saa ya mazoezi unaweza kukimbia, na kocha akikuona unakimbia anaandika kwenye daftari lake kwamba uko mzima. Jioni yanarudi. Nilipita miezi mingi hivyo. Katika timu yetu hakuna aliyesema maumivu yake, si Wajapani wala mimi, kwa kuwa kila mmoja aliamini kwamba wa kwanza kusema ndiye wa kwanza kuachwa.

Aliyeona ni mama mpishi wa bweni. Tulimwita Mama, kama wasichana wote wa pale walivyomwita. Alikuwa akinisikia nikishuka ngazi alfajiri, hatua moja moja, mkono ukutani. Siku moja nikakuta chupa ya maji iliyogandishwa mbele ya mlango wangu, imefungwa kwa taulo dogo. Akanionyesha kwa mguu wake mwenyewe: keti, weka unyayo juu ya chupa, ibingirishe polepole kuanzia kisigino hadi vidoleni. Tangu hapo chupa haikukosekana. Na baada ya muda akaniita jikoni, akawasha televisheni ndogo, akaweka kanda ya video aliyoirekodi mwenyewe mwaka 1996.

Ilikuwa marathoni ya wanawake ya Olimpiki ya Atlanta. Mbele kabisa, peke yake, alikuwa Fatuma Roba wa Ethiopia, akikimbia kama mtu anayetumwa dukani, bila haraka wala shida. Alimaliza kwa saa 2:26:05. Nyuma yake alikuja Mrusi Valentina Yegorova kwa 2:28:05. Kisha akaingia uwanjani mwanamke mdogo wa Kijapani, na nyuma yake Mjerumani Katrin Dörre-Heinrich akimkaribia kila hatua. Mama alikuwa ameiona kanda ile miaka na miaka, lakini bado alishika ukingo wa meza. Mjapani akafika kwa 2:28:39, sekunde sita mbele ya Mjerumani. Shaba. Halafu mahojiano. Yule mwanamke analia na kucheka pamoja, anasema kwamba kwa mara ya kwanza anataka kujisifu yeye mwenyewe.

Mimi nimelelewa nyumba ambayo mtoto akijisifu anakemewa. Nikamuuliza Mama, wa tatu anajisifia nini? Hakunijibu papo hapo. Alizima televisheni, akamenya viazi vya mchuzi wa kari, na huku akimenya akanisimulia kwa Kijapani cha polepole ili nisiachwe nyuma. Mengi aliyoniambia nimeyasoma tena baadaye kwa utulivu, na nayaandika hapa kama yalivyo.

Arimori alizaliwa na kasoro ya viungo vya nyonga, na tangu uchanga alitibiwa miguu. Alipoingia sekondari huko Okayama, mwalimu wa riadha hakumtaka katika kikosi. Akarudi kwake tena na tena mpaka akakubaliwa. Miaka yake yote ya sekondari hakupewa hata mara moja nafasi ya kukimbia katika ekiden ya wanawake ya mikoa inayofanyika Kyoto. Alikwenda kama mchezaji wa akiba tu. Huko ndiko alikomsikia mwimbaji Tomoya Takaishi akiwasomea wakimbiaji shairi lake, lililowataka wajisifu wenyewe kwa mazoezi yaliyowafikisha pale. Msichana wa akiba akalia. Aliyaona maneno yale ni mazuri mno kuyasema kabla ya kuyastahili, akayaweka moyoni zaidi ya miaka kumi. Hayo ndiyo yaliyotoka Atlanta. Baadaye mwaka ule yakasemwa Japani nzima, mpaka yakaingia katika orodha ya maneno ya mwaka.

Mama aliposema hivyo nikaelewa kwa nini alikuwa ameshika meza.

Chuoni pia Arimori hakuwa na jina. Alipomaliza alimwendea kocha Yoshio Koide wa timu ya Recruit kumwomba amchukue, na hakuwa na rekodi yoyote ya kitaifa ya kumwonyesha. Koide alikuwa na wakimbiaji wenye kasi kuliko yeye. Alimchukua kwa ajili ya moyo wake, basi. Ni Koide huyohuyo ambaye baadaye alimfundisha Naoko Takahashi hadi dhahabu ya Sydney 2000, kwa hiyo jicho lake halikuwa la kubahatisha. Januari 1990 Arimori alikimbia marathoni yake ya kwanza Osaka kwa 2:32:51. Mwaka uliofuata, hapohapo Osaka, akakimbia 2:28:01, rekodi ya Japani. Agosti 1991, katika mashindano ya dunia Tokyo, akawa wa nne.

Kisha ikaja vita ya kuchaguliwa kwenda Barcelona. Mwanzoni mwa 1992 Akemi Matsuno alikimbia Osaka kwa 2:27:02, haraka kuliko Arimori. Nafasi zikabaki chache, magazeti yakabishana, na waliochagua wakamchukua Arimori kwa nafasi yake ya nne Tokyo. Nawaza sana kuhusu mzigo huo. Kwenda Olimpiki huku nusu ya nchi ikiamini mwenzako ndiye aliyestahili si jambo dogo. Hata Matsuno namwonea uchungu hadi leo, maana naye alifanya yote aliyotakiwa kufanya.

Marathoni ya Barcelona ilianzia Mataró, kando ya bahari, jioni ya joto la Agosti, na kumalizikia juu ya kilima cha Montjuïc. Mtu aliyewahi kukimbia marathoni anajua maana ya kukuta mlima baada ya kilomita 38. Arimori alimfikia Yegorova, wakapanda wakiwa bega kwa bega, hakuna anayemwachia mwenzake hata hatua. Karibu na uwanja Yegorova akachomoka. Saa 2:32:41 kwa 2:32:49. Sekunde nane, baada ya kilomita 42. Tangu Kinue Hitomi apate fedha ya mita 800 Amsterdam mwaka 1928, hakuna mwanamke wa Japani aliyekuwa amepata medali ya riadha ya Olimpiki. Miaka 64.

Watu hudhani baada ya medali kama hiyo mambo hunyooka. Hayakunyooka. Visigino vyake, vyote viwili, vilianza kuuma, ugonjwa uleule wa utando wa unyayo. Marathoni hakukimbia tena mwaka ule, wala 1993, wala 1994. Novemba 1994 alifanyiwa upasuaji wa visigino vyote viwili. Mama alipofika hapo aliacha kisu, akajipiga kisigino cha kushoto, kisha cha kulia, akanitazama. Hakuongeza neno.

Agosti 1995 Arimori akasimama kwenye mstari wa Marathoni ya Hokkaido, Sapporo, miaka mitatu baada ya Barcelona. Alishinda kwa 2:29:17, rekodi ya mbio zile. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku kubwa kuliko zote katika maisha yake ya mbio, kubwa kuliko Barcelona na Atlanta. Medali huonwa na dunia nzima. Hokkaido ilionwa na mwenye visigino. Ndiyo iliyomfungulia mlango wa Atlanta, na ndiyo niliyoishikilia mimi.

Kesho yake, baada ya simulizi ile ya jikoni, nilimwomba Mama anisaidie kusoma mkataba wangu. Ulikuwa kwa Kijapani na mimi nilikuwa nimesaini nakala ya Kiingereza yenye kurasa chache kuliko ule wa asili. Tukakaa naye jikoni, kidole chake kikifuata mstari kwa mstari, tukakuta kwamba kama mwajiriwa nilikuwa na bima ya afya na haki ya kutibiwa. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nikaenda kwa meneja wa timu. Nilisema kwa Kijapani changu kibovu, nimesimama wima, mikono pembeni: visigino vyangu vinauma, naomba kupigwa picha hospitali, naomba kupumzika. Picha nilipigwa, na ilionyesha utando umevimba miguu yote miwili. Mapumziko nilipewa. Mkataba ulipokwisha haukurefushwa. Hayo yote mawili yalitokea, na siwezi kusimulia moja nikaficha jingine.

Kurudi Nyahururu bila mkataba ni jambo linalohitaji ngozi ngumu. Watu wanakuja kukusalimu huku macho yao yanatafuta gari. Mdogo wangu alikuwa shule ya bweni kwa karo niliyokuwa nikiituma. Kulikuwa na kipande cha shamba tulichoanza kukilipia, mwenye shamba akauza kwa mwingine. Asubuhi wenzangu walipita njia ya nyuma ya nyumba wakikimbia kundi zima, nasikia viatu vyao kwenye vumbi, na mimi bado nashikilia ukuta. Nyanya hakuwahi kuniuliza pesa. Aliniuliza mguu umeamkaje, kila siku, kama anavyouliza ng'ombe wa jirani ameamkaje. Nilimpenda kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika.

Nilikwenda Nairobi kwa mtaalamu wa viungo, mwanamke mtulivu sana. Nilimwambia kuhusu Arimori, nikataka nami nipasuliwe. Akasema upasuaji ni wa wachache, tena baada ya mengine yote kushindwa. Akanipa kazi ambayo ukiisikia utaidharau. Unasimama kwenye kidato cha ngazi kwa nusu ya mbele ya mguu, chini ya vidole unaweka taulo lililokunjwa ili vidole vipande juu. Unainua kisigino polepole ukihesabu hadi tatu, unatulia juu, unashusha polepole ukihesabu hadi tatu. Siku moja unafanya, siku moja unapumzika. Ukizoea, unabeba mkoba mgongoni wenye vitabu, kisha wenye mawe. Utando unapewa mzigo kidogo kidogo mpaka unajenga nguvu. Hakuna siku unayoamka umepona. Ilifika tu asubuhi moja nikawa jikoni nachochea moto ndipo nikakumbuka kwamba nimeshuka kitandani bila kugusa ukuta.

Nilirudi kukimbia. Nilikimbia mbio za kaunti, nusu marathoni za hapa na pale, nikapata pesa za kumaliza karo ya mdogo wangu. Kasi niliyokwenda nayo Japani haikurudi yote. Mbio za kwanza baada ya maradhi nilikuwa wa saba, na nilipovuka mstari nilifanya kitu ambacho nyumbani hatukufundishwa: nilijiambia kwa sauti kwamba nimefanya kazi nzuri. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza maji alinitazama. Sikujali. Nilijua tayari ni nani aliyeyasema maneno kama hayo kabla yangu na kwa bei gani.

Arimori mwenyewe hakuishia Atlanta. Mwisho wa 1996 alitangaza kuwa mwanariadha wa kulipwa, wakati ambapo picha na jina la mwanariadha wa Olimpiki wa Japani vilikuwa chini ya kamati ya Olimpiki ya nchi yake. Alidai haki ya kutumia sura yake mwenyewe, akasemwa vibaya kwa hilo, na wanariadha waliomfuata wamefaidika na mlango alioufungua. Mwaka uleule alikwenda Kambodia, kwenye nusu marathoni ya Angkor Wat iliyoanzishwa kuwasaidia watu waliokatwa miguu na mabomu ya kutegwa ardhini, na mwaka 1998 akaanzisha shirika la Hearts of Gold la kuendeleza kazi hiyo. Boston 1999 akawa wa tatu kwa 2:26:39, muda wake bora kuliko wote, akiwa na umri wa miaka 32, miaka zaidi ya minne baada ya visu kupita visiginoni. Alistaafu Februari 2007 kwenye Marathoni ya Tokyo, siku ya baridi na mvua. Alianguka njiani, akainuka, akamaliza wa tano kwa 2:52:45. Juni 2025 akawa mwenyekiti wa shirikisho la riadha la Japani, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Yule aliyekuwa wa akiba Kyoto sasa ndiye anayeongoza riadha ya nchi nzima.

Nikiyapanga maisha yake, naona kitu kimoja kikirudi: aliomba. Alimwomba mwalimu, akamwomba Koide, akawadai wakubwa haki ya jina lake. Mara mbili za kwanza hakuwa na cha kuonyesha isipokuwa neno lake na mazoezi yake, na kila mara alisimama mbele ya mtu aliyeweza kumkataa, akasema. Huku kwetu tunawafundisha wasichana kukimbia, kuvumilia na kunyamaza, na mambo haya matatu tunayahesabu kama moja. Visigino vyangu vimenifundisha kuyatenganisha. Kuvumilia kilomita ya 38 ni kazi ya mkimbiaji. Kunyamazia utando unaochanika si kazi ya mtu yeyote.

Siku hizi nafundisha wasichana hapa Nyahururu, na wale wanaopata nafasi za Japani huniletea karatasi zao. Kwenu wazazi mnaosoma hii: mtoto asisaini nakala fupi. Itakeni ile ya Kijapani, mtafuteni mtu asiye wa wakala aisome yote. Ulizeni bima inalipa nini akiumia, ulizeni nani anaamua kwamba amepona, ulizeni tikiti ya kurudi iko kwa jina la nani. Wakala akikasirika kwa sababu mmeuliza, mwacheni aende zake. Nawe binti, kisigino kikikuuma asubuhi siku tatu mfululizo, mwambie kocha siku ya tatu, hata kama ekiden ni wiki ijayo.